Panya wa Bi Lathrop

Mimi ni mtunza panya. Ndugu zangu wa Tanga hushangaa kila nikiitaja kazi hii kwenye simu, maana kwetu panya hutegewa, hafugwi. Hapa Massachusetts ni kazi yenye mafunzo na vyeti vyake. Ina historia ndefu pia, iliyoanza upande wa magharibi wa jimbo hilihili, katika mji mdogo wa Granby, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa daktari wala mwanasayansi wa chuo.

Katika jengo letu kuna vyumba vya panya waliopandikizwa uvimbe wa ini. Watafiti huwadunga dawa za kuamsha kinga ya mwili, kisha hupima kama uvimbe umesimama, umenywea au umeendelea kukua. Sisi wahudumu hubadilisha matandazo, huangalia chupa za maji, hupima uzito, na humtazama yule aliyejikunyata pembeni manyoya yamemsimama, kwa kuwa huyo ndiye anayeumwa. Kwa kukaa na kazi hii nimefikia kuamini jambo moja, nalo ndilo linanifanya niandike: karibu kila tunachokijua juu ya kinga ya mwili na uvimbe wa ini kimepita kwanza kwa panya ambaye mtu fulani alijua kwa hakika baba yake ni nani na mama yake ni nani. Nasaba ikichanganyika, mtafiti hupima kitu kingine asijue. Hilo liliwahi kutokea duniani, likala miaka mingi.

Abbie Lathrop alizaliwa Illinois mwaka 1868. Alifundisha shule kwa muda, afya ikamsumbua, na karibu na mwaka 1900 akahamia Granby. Alijaribu kuku, biashara haikwenda. Akageukia panya wa kufugwa nyumbani kwa mapenzi, hasa wale waliotoka Japani ambao hujizungusha mahali pamoja kwa sababu ya kasoro ya sikio la ndani. Alianza na jozi moja. Panya hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu, na mwenye subira ya kuandika hujaza daftari upesi. Bi Lathrop alikuwa na subira hiyo. Banda lake likafikia panya zaidi ya 11,000, waliokaa kwenye masanduku ya mbao yenye majani makavu, wakila oti na biskuti kavu. Watoto wa jirani aliwalipa senti saba kwa saa wasafishe masanduku. Nimefanya usafi huo kwa mashine, glavu na barakoa, na bado jioni harufu hunifuata hadi kwenye basi. Yeye aliufanya kwa mikono, kwa maelfu, na kila sanduku akalijua.

Wateja wake wa kwanza walikuwa wapenda panya. Punde wakaja maprofesa. William Castle wa Harvard alinunua panya kwake ili achunguze urithi wa rangi za manyoya. Mnamo 1908 Bi Lathrop aliona vidonda na vivimbe visivyo vya kawaida kwenye ngozi za baadhi ya panya wake. Angeweza kuwaua na kunyamaza, kwa kuwa mfugaji anayeuza wanyama wagonjwa hupoteza wateja. Badala yake alituma sampuli kwa wanasayansi kadhaa aliowauzia panya. Leo Loeb wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akamjibu kwamba ni saratani. Wakaanza kufanya kazi pamoja, na kuanzia 1913 hadi 1919 makala kumi zikatoka kwa majina yao wawili. Walionyesha kwamba saratani ya matiti hujaa katika koo fulani za panya na huwa adimu katika nyingine, na kwamba jike aliyeondolewa ovari hapati saratani hiyo kwa wingi uleule. Utafiti huo ulifanyika kwenye banda la Granby, kwa daftari za mfugaji. Bi Lathrop alifariki mwaka 1918, na makala za mwisho zilitoka akiwa kaburini.

Wakati yeye akiandika nani kazaa na nani, huko Ulaya watu walikuwa na matumaini makubwa. Carl Jensen, daktari wa mifugo wa Copenhagen, alionyesha mwaka 1903 kwamba uvimbe wa panya mmoja unaweza kuchukuliwa vipande, ukapandikizwa kwa mwingine na kuendelea hivyo kizazi baada ya kizazi. Paul Ehrlich huko Frankfurt naye akajaa panya na vivimbe. Wote waliona jambo lilelile: panya wengi waliukataa uvimbe, na aliyeukataa mara moja aliukataa tena. Wakafurahi wakidhani chanjo ya saratani imepatikana, na kilichobaki ni kumletea binadamu.

Ilikuwa imani isiyo na mguu wa kusimamia, na kosa halikuwa kwenye akili zao, lilikuwa kwenye panya. Panya hao walinunuliwa huku na kule, damu mbalimbali. Mwili wa panya mmoja uliukataa uvimbe wa mwingine kwa sababu ulikuwa nyama ya mgeni. Ngozi nzima isiyo na ugonjwa ingekataliwa vilevile. Hakuna aliyeweza kutofautisha kinga dhidi ya saratani na kinga dhidi ya mgeni. Ilipobainika hivyo, utafiti wa kinga na saratani ukapoa kwa miongo, na waliobaki wakiamini walichekwa.

Njia ya kutoka ilipatikana kwa wafugaji. Ernest Tyzzer wa Harvard alikuwa na uvimbe uliotokea kwa panya wa Kijapani wale wanaojizungusha. Kwa panya wa ukoo huo ulikua bila tabu, kwa panya wa kawaida ukafa. Alipowachanganya, watoto wa kizazi cha kwanza waliupokea, lakini wajukuu karibu wote waliukataa. Kijana aliyekuja kulieleza fumbo hilo ni Clarence Little, mwanafunzi wa Castle. Alisema kukubali uvimbe kunategemea vinasaba vingi kwa pamoja, na mjukuu ni nadra avirithi vyote. Kwa hiyo, akasema, tuwe na panya ambao wote ni sawa. Tangu 1909 alikuwa ameanza kuwazalisha ndugu kwa ndugu, kaka kwa dada, kizazi hadi kizazi. Baada ya vizazi ishirini vya namna hiyo ukoo huhesabiwa kuwa wa damu moja, na ngozi ya mmoja hushika kwa mwingine bila kukataliwa.

Panya weusi ninaowashika kila asubuhi huitwa C57BL/6. Ile 57 ni namba ya jike aliyetoka kwenye kundi la Bi Lathrop, ambaye Little alianza naye ukoo huo mwaka 1921. Dunia nzima inamtumia mjukuu wa jike huyo wa Granby. Ni wepesi, wanauma, na wana tabia ya kutafunana ndevu hadi mmoja kwenye kizimba abaki na uso mtupu. Pembeni yao wako C3H wa rangi ya kahawia, uzao wa Leonell Strong. C3H hupoteza macho wakiwa bado wachanga, kwa hiyo ukitia mkono kizimbani hushtuka. Nimejifunza kugonga kwanza. Na madume wa C3H, wakiachwa wazeeke bila kudungwa chochote, wengi hupata uvimbe wa ini wenyewe, kuliko majike. Ukimdunga panya mchanga wa siku kama kumi na tano dawa ya sumu iitwayo diethilnitrosamini, dume wa C3H atajaa vivimbe vya ini, ilhali C57BL/6 atapata vichache. Sumu ni moja, dozi ni moja, tofauti ni ukoo.

Mwaka 1929 Little alianzisha Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, kwa fedha za matajiri wa magari wa Detroit. Daftari za Bi Lathrop ziko huko hadi leo. Oktoba 1947 moto wa msitu uliingia mjini ukaiteketeza maabara na makumi ya maelfu ya panya. Nikiwasimulia wenzangu wapya kisa hiki huwa naona nyuso zinabadilika, kwa sababu ukoo ukifa hakuna duka la kuununua. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wameuza na kugawa panya kwa miaka mingi. Wateja wakarudisha jozi, na nasaba zikajengwa upya.

Kwa panya wa damu moja swali la zamani likaweza kuulizwa upya. Ludwik Gross, mkimbizi kutoka Poland, mwaka 1943 alipandikiza kiasi kidogo cha uvimbe ndani ya ngozi ya panya wa C3H. Baadhi ya vivimbe vilinywea, na panya hao wakaukataa uvimbe uleule mara ya pili, ingawa ulitoka kwa ndugu zao wa damu. Wenye shaka walisema labda ukoo wenyewe umeshachafuka. Jibu lililowafunga mdomo lilitoka Bethesda mwaka 1957. Richmond Prehn na Joan Main walizusha uvimbe kwa panya mmoja kwa kemikali, wakaupandikiza kwa wengine wa ukoo uleule, wakaukata, kisha wakawapandikizia tena. Uvimbe ulikataliwa. Halafu wakachukua ngozi ya panya yule aliyetoa uvimbe, wakaipandikiza kwa wale waliokataa, na ngozi ikakubaliwa. Huo ndio uthibitisho ninaoupenda kuliko wote katika historia hii yote. Mwili haukumkataa mgeni, maana mgeni hakuwepo. Uliikataa saratani. Waliona pia kwamba vivimbe vilivyozuka vyenyewe, bila kemikali, havikuamsha kinga ya maana. Onyo hilo wengi walilipita haraka.

Sasa nije kwenye ini lenyewe, kwa kuwa si kiungo kama vingine.

Mwaka 1969 Roy Calne na wenzake Uingereza walitangaza kwamba nguruwe aliyepandikizwa ini la nguruwe mwingine mara nyingi huishi nalo bila dawa za kutuliza kinga, wakati figo au ngozi ingeoza baada ya siku chache. Baadaye ikawa vivyo hivyo kwa panya: ini la ukoo mmoja hukubaliwa na ukoo mwingine. Sababu iko kwenye mkondo wa damu. Sehemu kubwa ya damu ya ini hutoka utumboni, imebeba vipande vya chakula na mabaki ya bakteria kila mlo. Ini lingepigana na kila kitu kigeni kinachopita, lingejiunguza. Limezoea kuvumilia. Uvimbe unaoota humo huota mahali ambapo seli za kinga zimefundishwa kutulia, na anayetaka kuziamsha anapingana na tabia ya kiungo kizima.

Kuna shida nyingine, nayo inanigusa kwa karibu. Mjomba aliyenilea alifariki kwa saratani ya ini. Alikuwa mkulima wa mahindi Handeni, na ugonjwa ulipojulikana tumbo lilikuwa limeshajaa maji. Afrika Mashariki ugonjwa huu una mizizi miwili mikuu: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya aflatoksini inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya batamzinga wapatao laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Kwa wingi huua mara moja: Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, hasa Makueni na Kitui. Kwa uchache, mwaka baada ya mwaka, hula vinasaba vya ini. Lakini panya hawa wadogo wakishakua huistahimili aflatoksini, kwa sababu ini lao lina kimeng'enya kinachoivunja nguvu. Na virusi vya homa ya ini B haviwaambukizi kabisa. Visababishi vyote viwili vilivyotumaliza sisi humpita mnyama ambaye tumemtegemea kutufundisha.

Francis Chisari na wenzake, La Jolla huko California, waliuzunguka ukuta huo kwa kuzalisha panya waliotiwa vinasaba vya virusi tangu yai. Panya hao walizaliwa na protini za virusi ndani ya ini, na miili yao ikaziona kama zake. Hawakuumwa. Kisha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1998, watafiti waliiondoa kinga yao na kuwapa kinga ya panya wengine wa ukoo huohuo wasio na vinasaba hivyo, ambao walikuwa wamechanjwa dhidi ya protini hizo. Kinga mpya ikalishambulia ini. Haikuwa na nguvu ya kumaliza kazi, wala haikuacha. Ini likavimba, likafa vipande, likaota upya, miezi mingi. Mwishowe likatoa saratani. Hapakuwa na virusi hai, hapakuwa na sumukuvu. Kinga peke yake ilitosha.

Nilipofahamu kazi hiyo nilimfikiria mjomba na wale waliokuwa wakimpikia mizizi ya kuongeza kinga. Kuongezwa kinga, kwa ini, kunaweza kuwa uponyaji na kunaweza kuwa ugonjwa wenyewe.

Mambo yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapita upesi. Mwaka 1996, huko Berkeley, kundi la James Allison lilionyesha kwamba kuzuia protini iitwayo CTLA-4, ambayo huzituliza seli za kinga ziitwazo seli T, kuliwafanya panya waukatae uvimbe. Tasuku Honjo wa Kyoto alikuwa amegundua protini nyingine ya namna hiyo, PD-1. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kwa saratani ya ini, dawa za aina hii ziliposhirikishwa na dawa ya kuzuia mishipa mipya ya damu, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wagonjwa 67 katika kila 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 55 hivi waliotumia dawa ya zamani. Si tiba ya wote, na bei yake haijashuka hadi Handeni.

Ninakotaka kukaa zaidi ni vizimbani. Mwaka 2015 kundi la Thomas Gajewski, Chicago, lilichukua panya wa C57BL/6 kutoka kwa wauzaji wawili, Jackson na Taconic. Walikuwa ukoo mmoja, rangi moja, uzao wa jike yuleyule. Uvimbe wa ngozi ulikua haraka zaidi kwa panya wa Taconic. Walipowekwa kizimba kimoja kwa wiki chache, tofauti ikapotea. Panya hula vinyesi vya wenzao, kila mtunza panya anajua hilo, na bakteria wa utumboni walikuwa wamehama pamoja navyo. Karne nzima tulihangaikia damu, kumbe na tumbo lina nasaba yake.

Kwa ini jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa ile damu itokayo utumboni. Mwaka 2018 kundi la Tim Greten, Bethesda, liliwapa panya antibiotiki kwenye maji ya kunywa. Bakteria wanaobadilisha asidi za nyongo wakafa. Asidi za nyongo zikabaki katika hali yake ya kwanza, na kuta za mishipa midogo ya ini zikatoa ishara inayoita seli za kinga ziitwazo NKT. Seli hizo zikajaa ndani ya ini, na vivimbe vikapungua, vile vilivyoanzia hapo na hata vilivyosambaa kutoka kwingine. Hakuna aliyewadunga panya hao dawa ya kuongeza kinga. Badiliko lilipita kwenye chupa ya maji, kitu ambacho ni jukumu la mhudumu.

Miaka mitatu baadaye ikaja habari nyingine, kutoka kwa Mathias Heikenwälder na wenzake huko Heidelberg. Panya walilishwa chakula chenye mafuta mengi na upungufu wa kirutubisho cha kolini hadi ini likajaa mafuta na kuvimba. Walipopewa dawa ya kuzuia PD-1, saratani ya ini iliongezeka. Seli T zilizokuwa zimekusanyika humo zilikuwa zikiharibu ini, na dawa ikazipa nguvu zaidi. Ni kisa kilekile cha La Jolla kimerudi kwa mlango wa chakula.

Chumbani kwetu watafiti wengi hutumia seli za uvimbe ziitwazo Hepa1-6. Zilitoka kwa panya wa ukoo wa C57L, na kwa kawaida hupandikizwa kwa C57BL/6, ambao ni jamaa wa karibu lakini si damu moja. Mara nyingine uvimbe huo hunywea wenyewe bila dawa yoyote. Kijana mmoja mwenye shahada alinionyesha mchoro wa panya wake waliopona, macho yanang'aa. Nilimuuliza wale wasiodungwa dawa wameendaje. Alirudi kuhesabu, na baadhi yao nao walikuwa wamepona. Swali lile la zamani, saratani au mgeni, lilikuwa bado mezani, na sikuhitaji shahada kuliuliza, nilihitaji kuzijua kadi za vizimba.

Ndugu zangu wananiuliza kwenye simu ni dawa gani ya kuongeza kinga nitume nyumbani. Nawaambia mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke kabisa kabla ya kuingia ghalani, na mtoto asikose chanjo. Taiwan ilianza mpango wa taifa wa kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, saratani ya ini ilishuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, kati ya 1981 na 1986, hadi 0.36 kati ya 1990 na 1994. Tanzania Bara iliiingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Mpwa wangu alichanjwa miongoni mwa wale wa mwanzo, na sasa analima shamba la mjomba.